Nyota Juu ya Kaya ya Bundala

Asumini alirudi Bariadi kutoka kwenye ndoa yake ya Shinyanga na vitu viwili tu vya kwake: talaka na kamera. Talaka aliikunja akaitupia chini kabisa ya begi. Kamera aliivaa shingoni, na kesho yake asubuhi akaenda kwa baba yake mdogo, Jabiri, mwenye duka la redio karibu na stendi.

"Baba mdogo, kile chumba cha maboksi nakitaka."

"Cha nini?"

"Studio."

Jabiri alimtazama, akaitazama ile kamera nzito ya Kirusi, kisha akaanza kutoa maboksi kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwa na sababu ya kukataa. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, na Bariadi nzima ilikuwa inafungua kitu. Aliyeuza chumvi kwa kikopo sasa alikuwa na mashine ya kusaga. Malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalipishana barabarani na ya chama cha ushirika, yakipigiana honi kama mashabiki wa timu mbili. Sokoni mtu alijichagulia koti la mtumba, la kafa Ulaya, lenye manyoya shingoni na kulivaa saa sita mchana bila kuona haya. Jabiri mwenyewe alikuwa ameachana na kandili na betri, anauza redio kaseti zenye taa za rangi zinazocheza pamoja na muziki.

Barazani hapo alikaa Joyness, fundi cherehani, msichana wa Mwamanyili aliyekuja mjini kushona sare za shule akabaki anashona kila kitu. Urafiki wao ulianza siku ya kwanza, na ulianza kwa kicheko. Asumini akicheka alipata kwikwi. Joyness akicheka hakutoa sauti hata kidogo, alitetemeka tu, mpaka cherehani nayo ikatetemeka. Mmoja akimtazama mwenzake, basi, kazi imelala.

Siku moja Jabiri alifungua mzigo wa redio uliotoka Mwanza. Kati ya maboksi walikuwa wamesokomeza karatasi za kalenda ya zamani ili redio zisigongane. Asumini aliokota moja, akainyoosha juu ya goti. Ilikuwa picha ya mlima wenye theluji, usiku, na juu ya mlima mbingu ilijaa miduara, mduara ndani ya mduara, myembamba na myeupe, kama mtu aliyetupa jiwe katikati ya mbingu ikatoa mawimbi.

"Hiyo santuri," alisema Jabiri. "Wamepiga picha santuri wakaibandika juu ya mlima."

"Ni kisima," alisema Joyness. "Mtu amekipiga akiwa juu."

"Ni nyota," alisema Asumini.

"Nyota gani ndefu hivyo?"

Asumini aliigusa kamera shingoni. Kwenye kamera yake kulikuwa na alama ya B. Ukiiweka hapo, jicho la kamera hubaki wazi muda wote ulioshikilia kitufe. Jioni moja harusini alijisahau akaiacha kwenye B, na gari likapita nyuma ya bwana harusi. Picha ilipotoka, taa za gari zilikuwa nyuzi mbili nyeupe zinazotoka sikio moja la bwana harusi na kuingia la pili. Bwana harusi alifoka. Asumini hakumsikia vizuri. Alikuwa anazitazama zile nyuzi.

"Taa ikitembea mbele ya jicho lililo wazi, inachora," alisema sasa. "Na nyota zinatembea. Kila mchunga ng'ombe anajua hilo. Kwa hiyo ukiliacha jicho wazi usiku kucha..."

Joyness alisimamisha cherehani. "Zitajichora."

"Zenyewe!"

Wakatazamana. Kwikwi zikaanza.

Usiku uleule Asumini aliisimamisha kamera uani kwa Jabiri, juu ya stendi yake ya miguu mitatu, akaielekeza mbinguni. Alikuwa na waya wa kufyatulia wenye skrubu. Ukiibana, jicho linabaki wazi na wewe unaenda kulala. Alitumia filamu ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu hiyo aliweza kuisafisha mwenyewe ndani ya kile chumba, wakati ya rangi ilibidi isafiri mpaka Mwanza. Asubuhi hakunywa hata chai. Alijifungia gizani na dawa zake, na alipotoka alikuwa ameshika karatasi nyeupe tupu kama maziwa mgando.

Jabiri aliigeuza huku na huku. "Nyota ziko wapi?"

"Hiyo ni gesti ya jirani, baba mdogo. Wamefunga taa mpya nje."

"Wamefunga taa nzuri," alisema Jabiri kwa heshima.

Joyness alikuwa anatetemeka nyuma ya cherehani. Alipopata pumzi alisema, "Shoga, twende kwetu Mwamanyili. Kwetu hakuna taa. Kwetu giza ni giza."

Walisubiri mwezi ufe. Jabiri aliwaambia wataliwa na fisi, kisha akawaazima tochi mpya ya dukani na kumwomba dereva wa lori la pamba awapakie. Lori lilikuwa linakwenda kubeba pamba vijijini, likiwa tupu, na wao walilala chali juu ya magunia matupu huku vumbi la Julai likiwageuza rangi. Walipofika Lamadi, kando ya ziwa, harufu ya dagaa iliwapokea kabla ya nyumba. Joyness alinunua sangara wa kukaanga wakamla kwa mikono huku lori linaruka, na kila liliporuka mwiba ulimkosakosa Asumini jichoni, na hilo nalo liliwachekesha. Walipofika Mwamanyili walikuwa wamechoka kwa kucheka kama watu waliotoka kulima.

Baba yake Joyness, mzee Bundala, alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. "Mwadila, mayu," alimsalimu Asumini, akaketi kwenye kigoda chake kumsikiliza. Asumini alieleza habari ya jicho na B na nyota zinazojichora. Alieleza kwa mikono, na kwa kijiti kwenye vumbi. Bundala alisikiliza yote bila kupepesa.

"Fanyeni," alisema mwishowe. "Ila mbali na zizi. Kuna ng'ombe wenye mimba. Wasishtuke."

Basi giza lilipoingia walikwenda nyuma ya zizi, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Kutoka pale nyumba ya msonge ya marehemu bibi yake Joyness ilisimama peke yake upande wa kulia, paa lake la nyasi limechongoka kama penseli. Kusini kote kulikuwa wazi. Asumini alipenda lile paa. Alisimamisha stendi, akaigeuza kamera wima, akajifunika kitambaa cheusi kichwani ili aone vizuri, akabana skrubu. Jicho likafunguka. Hakuna kilichotokea, na ndivyo ilivyotakiwa.

Wakatandika kanga wakalala chali. Nyota zilikuwa nyingi mpaka zilionekana kusukumana.

"Zinatuona?" Joyness alinong'ona.

"Zinajitengeneza nywele."

Joyness akaanza kutetemeka. Asumini akapata kwikwi. Na kwikwi, usiku, mahali pasipo na taa, husikika mbali.

Filimbi ililia kutoka upande wa barabara. Ya pili ikajibu kutoka upande wa ziwa. Kisha ukapigwa mwano, ile sauti ndefu ambayo Msukuma yeyote akiisikia hatakiwi kuuliza, anatakiwa kuchukua silaha na kukimbia. Kabla hawajasimama, walikuwa wamezungukwa na sungusungu wenye pinde na marungu. Miezi ile ng'ombe walikuwa wameibwa mara nyingi, na walinzi hawakuwa na mzaha.

Mbele yao alisimama mtemi wa sungusungu, Luhaga, mtu mrefu, ndevu zimeanza mvi. Alivaa koti la mtumba la kike, lenye vifungo vikubwa vya dhahabu, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia. Alimulika tochi kwenye kanga, kwenye nyuso mbili zenye vumbi, na hatimaye kwenye kile kitu cha miguu mitatu kilichofunikwa kitambaa cheusi mgongoni.

"Hiki nini?"

Akaanza kuipeleka tochi usawa wa lenzi. Asumini akaruka katikati kama golikipa.

"Usimulike jichoni!"

Watu wote wakarudi hatua moja nyuma.

"Jichoni mwa nani?" aliuliza Luhaga polepole.

"Mwa... mwa hii. Iko wazi. Inatazama. Ukiimulika utaipofua."

Hayo hayakuwa maneno mazuri ya kusema shambani usiku mbele ya pinde. Mmoja wa walinzi alianza kusema neno "wachawi" na hakulimaliza. Asumini hakusogea kutoka mbele ya kamera, na baadaye Joyness alisema hilo ndilo lililomfanya amwone kichaa kuliko yote.

"Wewe ng'wana nani?" Luhaga alimgeukia Joyness.

"Ng'wana Bundala, baba. Wa hapahapa."

Wakati huohuo Bundala mwenyewe alitokea gizani anakimbia, blanketi begani, mkuki mkononi, kama mwano ulivyomtaka. "Wako wapi? Wezi wako wapi?"

"Hawa," alisema Luhaga.

Bundala alisimama, akahema, akatazama. "Huyu mbona wangu."

"Wako. Anafanya nini huku?"

Bundala alifikiri namna ya kufupisha. "Wanapiga picha nyota."

Mbuzi mmoja alikohoa zizini.

"Nyota ndizo zilizoomba picha?" aliuliza Luhaga.

Hapo Joyness akashindwa. Alijaribu kuziba mdomo kwa kanga, akatetemeka, akakaa chini. Asumini alipomwona akakaa chini, kwikwi zikamshika, moja, nyingine, na katikati ya kwikwi alikuwa anajaribu kusema "samahani mzee" na haikutoka. Mlinzi mmoja akacheka kwa pua. Bundala, ambaye binti yake hakukumbuka kumwona akicheka tangu aote meno, akageukia upande na mabega yake yakaanza kupanda na kushuka. Ndipo Joyness alipojua kicheko chake kilitoka wapi.

Luhaga hakucheka. Alikuwa na kazi yake. Aliwapanga watu wake mstari mbele ya kamera, akawamulika mmoja mmoja kuhakikisha wote ni wake, akajimulika na yeye mwenyewe kwa haki, kisha akatoa hukumu: "Hakuna anayeondoka hapa mpaka kuche. Mchana tutaona vizuri hiki ni nini."

"Wala sisi hatuondoki," alisema Asumini. "Picha haijaiva."

Basi wakakaa wote. Luhaga aliwaondoa watu wake mbele, akawaketisha nyuma ya kamera karibu na watuhumiwa. Walinzi walitaka kuwasha moto; Asumini aliwaomba wasiwashe, utaharibu picha, na baada ya kubishana kidogo Bundala alileta ngozi za ng'ombe na viazi vitamu vilivyobaki jioni. Baridi ilikuwa kali. Luhaga aliketi karibu na stendi, rungu magotini, akiilinda kamera isitoroke.

"Nieleze," alisema. "Na usinidanganye."

Asumini alimweleza. Alipofika kwenye habari kwamba nyota zinatembea, Luhaga alikunja uso. "Binti, nimeswaga ng'ombe usiku tangu sijabalehe. Najua nyota zinatembea. Nyota hii ikifika pale, unajua utafika Nassa alfajiri. Lakini sijawahi kuiona ikitembea. Unatazama, imesimama. Unageuka, unatazama tena, imehama. Kama fisi."

"Basi mtazame fisi," alisema Asumini. "Ile pale, karibu na paa. Usigeuke."

Luhaga akakaza macho kwenye nyota moja iliyokuwa imebakiza upana wa kidole kuifikia ncha ya msonge. Walinzi nao wakatazama, kwa kuwa mtemi anatazama. Muda ulikwenda. Nyota ilikuwa kana kwamba imegandishwa. Kisha, bila mtu kujua ni lini, upana wa kidole ukawa upana wa unyasi.

"Inakuja," alinong'ona mlinzi mmoja.

"Nyamaza!"

"Inakuja, mtemi!"

Nyota ikagusa ncha ya paa, ikakonyeza, ikazimika.

"IMEINGIA!" alipiga kelele Luhaga, akasimama, rungu likaanguka. "Imeingia ndani! Nimeiona kwa macho yangu!"

Kundi zima lilishangilia kama goli. Ng'ombe walilia zizini, na Bundala akakimbia kuwatuliza, akarudi mbio asikose inayofuata. Maana ilikuwepo inayofuata, na nyingine nyuma yake. Kila mlinzi akajichagulia nyota. Huyu alisema yake, ile yenye wekundu, itatangulia. Yule akasema ile ndogo ina mwendo, nyembamba haichoki. Walibishana kwa Kisukuma kwa kasi ambayo Asumini hakuifuata hata nusu, na Joyness alimtafsiria akiwa ameshika mbavu: "Anasema nyota yake imekula ugali, yako imekula uji." Nyota nyekundu ilipita pembeni kabisa ya paa bila kuligusa, na mwenye nyota alilalamika kwamba paa limesogezwa. Luhaga alikuwa mwamuzi. Alilala kifudifudi chini ya stendi ili aone kwa usawa, koti la vifungo vya dhahabu limejaa vumbi, na kila nyota ilipoingia alipuliza filimbi mara moja, kwa utaratibu.

Mashariki ilipoanza kupauka Asumini alilegeza skrubu. Jicho likafunga kwa mlio mdogo, tak.

"Imemaliza?" Luhaga aliuliza, kwa masikitiko kidogo.

"Imemaliza."

Mwanga ulipotosha, mtemi aliizunguka kamera mara kadhaa. Hakupata hirizi, hakupata pembe, alipata maandishi ya Kirusi ambayo hayakumsaidia. Akaamua. "Nendeni. Lakini hiyo picha itakuja hapa, mbele ya watu wote, gulio la pamba. Kama kuna nyota, nitaziona. Kama hakuna," alitazama pembeni, "tutaongea."

Njiani kurudi Bariadi hawakulala hata kidogo. Asumini aliibeba kamera tumboni, ndani ya kanga, kama mjamzito, na dereva akampa hongera.

Studioni walijifungia pamoja, taa nyekundu ikiwaka. Joyness hakuwa amewahi kuingia kwenye chumba cha giza, na alisimama ameshika ukuta. Asumini alitumbukiza karatasi nyeupe kwenye sinia la dawa, akaitikisa polepole. Weusi ulianza kuingia kutoka pembeni, kama wino kwenye kitambaa. Ukazidi. Na palipobaki peupe palikuwa ni mistari: mmoja, kumi, mamia, yote imepinda pamoja, upinde juu ya upinde, imetoka ardhini kushoto na kushukia ardhini kulia, kwenye ncha ya msonge.

Asumini alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

Kisha akaona kuna jambo. "Ni nusu," alisema. "Kwenye kalenda ilikuwa miduara mizima. Sisi tumepata nusu."

Walikaa na ile nusu. Asumini alichora hewani kwa kidole, akafuata upinde ukapanda, ukashuka, ukaingia ardhini, na kidole chake kikaendelea chini kwa chini mpaka kikatokea upande wa pili.

"Nusu nyingine iko chini ya ardhi," alisema taratibu. "Wale wa theluji kitovu chao kiko juu ya kichwa. Chetu sisi..." akaweka kidole kwenye picha, pale pinde zote zilipozunguka, chini kabisa ambako shamba linakutana na mbingu. "Joyness. Mbingu yetu inazungukia shambani kwa baba yako!"

Joyness alipiga kelele. Ilikuwa mara ya kwanza Asumini kumsikia akitoa sauti kwa furaha, na ilikuwa kelele kubwa, nzuri, iliyomfanya Jabiri aangushe redio upande wa pili wa ukuta.

Lakini picha ilikuwa bado inaendelea kuiva ndani ya sinia, na chini ya zile pinde kitu kingine kilijitokeza. Watu. Mstari wa watu wenye pinde na marungu, wembamba kama moshi, na nyota zimewapita ndani kwa ndani, vifuani na shingoni, kama uzi uliopita kwenye shanga. Luhaga alikuwa katikati. Uso wake haukuonekana vizuri, ila vifungo vya koti viling'aa kuliko nyota zote.

Ilikuwa ile tochi aliyowamulikia alipowapanga. Walisimama kidogo, wakaondoka. Nyota ziliendelea usiku kucha mahali waliposimama.

"Wamekuwa mizimu," alisema Asumini, na furaha ikamshuka hadi miguuni. "Nitampelekeaje mtu picha yake akiwa mzimu?"

"Tusipoipeleka hataona nyota, na amesema asipoziona tutaongea."

"Nataka kuongea."

"Hutaki," alisema Joyness.

Walikwenda siku ya gulio. Watu walijaa kwenye kituo cha kununulia pamba, magunia yamepangwa, mizani inaning'inia, makarani wa kampuni wameacha kupima ili nao waone. Asumini alikuwa ameikuza picha mpaka ukubwa wa meza ndogo. Alipomkabidhi Luhaga, alikuwa ameshaangalia njia ya kukimbilia.

Luhaga aliishika mbali na macho, kisha karibu. Alifuata pinde kwa ukucha, polepole, kutoka kushoto hadi kwenye msonge, na midomo yake ilikuwa inahesabu kitu. Kisha akajiona. Akaona vifungo. Akaona upinde wa nyota umeingia ubavuni mwake na kutokea ubavu wa pili.

"Huyu mimi," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nyota imenipita tumboni."

"Ndiyo, mzee. Ni kwa sababu..."

"Nyota imenipita tumboni," Luhaga aliwageukia watu na sauti yake ikapanda, "na mimi sikusikia hata mkwaruzo! Mnaniona? Nani mwingine hapa amepitwa na nyota tumboni akaendelea kulinda ng'ombe wenu?"

Hakuna aliyejitokeza. Ndipo kicheko kikalipuka, kikubwa, cha gulio zima, na walinzi wakakimbilia picha kila mmoja akitafuta tumbo lake. Yule aliyetaka kusema wachawi alikuta amepitwa na nyota kumi na zaidi, akatangaza kwamba hatafanya kazi siku hiyo. Mke mkubwa wa Luhaga, Nyamizi, aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, akasema, "Hilo koti la kike," na watu waliokuwa wanaanza kupata pumzi wakaipoteza tena. Luhaga alijitazama vifungo. Akafikiri. Akasema vinang'aa, na hatalivua.

"Wabeja, mayu," alimwambia Asumini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja sana. Sasa leo usiku unatupiga tena."

Hawakurudi Bariadi siku hiyo. Jioni watu walikuja kaya ya Bundala kama wanakwenda harusini, wamejipaka mafuta, watoto wamevalishwa viatu. Asumini aliwapanga, Luhaga akamulika tochi familia kwa familia, kisha wakaondolewa ili nyota zipate nafasi ya kuwapita. Bundala alikuja wa mwisho, akimvuta dume lake jeusi kwa kamba, bila maelezo. Dume halikukubali kusimama. Liligeuka, likaramba tochi, likamtupa mtemi kwenye mabua, na katika picha lilitoka likiwa na mikia saba na halina kichwa. Bundala alisema amelitambua.

Katikati ya yote hayo, akiwa bado anajitoa mabua nywelini, Luhaga alitazama upande mwingine kabisa, mashariki. "Na kule zinakochomozea," aliuliza, "zinakwendaje?"

Asumini alingoja picha ya familia iive, akalegeza skrubu usiku ungalipo. Akaweka filamu mpya, akaigeuza stendi, akabana skrubu.

Picha ya mashariki ilitoka siku mbili baadaye, mchana, na hawakungoja ikauke. Asumini na Joyness walitoka studio mbio, karatasi inadondosha maji, wakampita Jabiri, wakaingia barabarani katikati ya malori na vumbi. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mwendesha baiskeli aliyebeba gunia la mkaa. Walimzuia kwa mikono miwili miwili.

Alishuka, akaitazama. Ilikuwa mistari mitupu, myeupe, imenyooka kabisa, imejaa karatasi nzima kutoka ardhini hadi juu.

"Mvua," alisema.

"Nyota!" walijibu wote wawili.

"Mbona zimenyooka? Zinaanguka?"

"Zinapanda! Kwetu zinapanda moja kwa moja!"

Mwenye mkaa aliinua uso akaitazama mbingu ya mchana, nyeupe, isiyo na kitu. Aliitazama kwa muda. Kisha aliegemeza baiskeli yake kwenye lori la pamba lililosimama, akajifuta mikono kwenye suruali vizuri, mbele na nyuma, akasema, "Nipeni niishike."